Kufunga chaki ya taya 3 kwenye meza ya kuzunguka yenye mifereji 4

Swali la msomaji:

Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo hapa Nyakato, Mwanza. Nimepata meza ya kuzunguka ya mtumba kwa ajili ya mashine yangu ya milingi, ile ya kukata chuma kwa kisu kinachozunguka. Kipenyo chake ni milimita 250, ina mifereji 4 ya T, na katikati kuna shimo la tepa, linalopungua upana kwenda chini. Chaki, yaani kibanio cha kushikia kazi, ninayo, ya taya 3, milimita 160, ilitoka kwenye mashine ya kukereza iliyokufa. Nyuma yake kuna matundu 3 yenye nyuzi. Nimegeuza na kugeuza, matundu 3 hayakutani na mifereji 4. Kazi zangu nyingi ni flenji (sahani za kuungia) za shafti za boti zinazokwenda visiwani, zenye matundu 6, na mara chache gia. Jirani yangu anasema nichomelee chaki kwenye pleti nene, yaishe. Mwingine anasema nitoboe chaki yenyewe toka mbele. Nifuate lipi? Na nikishaifunga, nitajuaje kama iko katikati?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na ushauri wa jirani kabla hajakuazima mashine ya kuchomelea: usithubutu. Miili ya chaki nyingi ni ya chuma cha kusubu, na chuma cha aina hiyo ukikipa joto la ghafla sehemu moja hupasuka kandokando ya weldi wakati kinapoa. Hata kama chaki yako ni ya stili, joto litavuta uso wa nyuma na njia ambamo taya zinateleza. Baada ya hapo taya moja itabana kwa ncha na nyingine kwa shina, na hakuna tupa itakayokurudishia chaki yako. Pleti utaipata kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu. Chaki nzuri hutaipata kwa bei hiyo.

Huyo wa pili ana hoja kidogo. Zipo chaki zinazotoka kiwandani zikiwa na matundu yanayopita toka mbele hadi nyuma, kati ya taya na taya, na bolti zake unazifunga ukiwa umesimama mbele yake. Yako haikutengenezwa hivyo. Ndani ya mwili wake kuna diski yenye mfereji unaozunguka kama konokono, ndiyo inayosogeza taya zote 3 kwa pamoja, na pembeni yake kuna pinioni zinazozungushwa na ufunguo. Ukiingiza biti bila kuifungua kwanza na kupima nyama iliyobaki nje ya diski, unatoboa gizani. Na hata ukifanikiwa, bado utakuwa na matundu 3 na mifereji 4. Hujatatua kitu.

Dawa ni pleti ya kati: kipande cha duara, kipana kuliko chaki, ambacho chaki inafungwa juu yake kwa bolti zinazotoka chini, nacho kinabanwa kwenye mifereji ya meza kwa bolti zinazokaa nje ya chaki. Kazi ya siku moja au mbili, na ukiitengeneza vizuri itakutumikia maisha yako yote.

Lakini kabla ya pleti, elewa jambo moja, maana ndilo linaloharibu kazi za watu wenye pleti nzuri kabisa. Kwenye mpangilio huu kuna vitovu 3: cha spindeli (mhimili wa mashine unaozungusha kisu), cha meza ya kuzunguka, na cha kazi iliyobanwa kwenye chaki. Mkubwa wao ni meza. Spindeli inapangwa kufuata meza, na chaki inapangwa kufuata meza. Chaki na spindeli hazipangani zenyewe kwa zenyewe, hata siku moja.

Nikupe mfano wa hesabu. Tuseme flenji iko nje ya kitovu cha meza kwa milimita 0.3. Fundi anaweka geji ya saa (kipimo chenye mshale) kwenye spindeli, anaizungusha kuifuata flenji, anasogeza meza kuu ya mashine mpaka mshale utulie, kisha anaweka namba kwenye sifuri na kuanza kutoboa. Kila kitu kinaonekana safi. Akizungusha meza nusu duara, kitovu cha flenji kimehama milimita 0.6 kutoka pale kilipokuwa. Matundu yake yatakaa kwenye duara linalofuata meza, siyo flenji, na hata nusu kipenyo cha duara hilo hakitakuwa kile alichokusudia, kwa sababu sifuri yake ilikuwa ya uongo. Flenji mbili za namna hiyo ukizikutanisha, bolti 2 zinaingia, ya tatu inataka nyundo, na shafti inatoka bandarini ikiwa inatikisa boti nzima.

Sasa pleti. Kwa chaki ya milimita 160 na meza ya 250, kata duara la kama milimita 230. Unene usipungue milimita 20 ikishakamilika, kwa hiyo anza na 25. Chuma laini cha kawaida kinatosha. Kwa Mwanza kipande cha namna hiyo si shida, mabaki ya pleti nene za kazi za meli na matangi yanazunguka sokoni kila siku. Ukipata kilichokatwa kwa gesi, ondoa kwanza ukingo wote uliopata moto, kwa sababu ngozi yake imekuwa ngumu na itakula visu vyako. Kitu kingine: pleti iliyotoka kiwandani ikiwa na ngozi nyeusi ina mkazo ndani yake. Ukikata upande mmoja hadi mwisho ndipo ugeukie wa pili, itajikunja. Punguza pande zote mbili kwanza kwa kukwaruza tu, iache ilale usiku mzima, kesho yake ndipo ukate za mwisho.

Kama utanisikiliza, mimi ningetafuta flaiwili chakavu ya lori. Nyingi ni za chuma cha kusubu, nzito, zimeshatulia miaka mingi kwa joto la klachi, na zinakatika vizuri bila kujikunja. Vua ule mkufu wa meno ya stata, kereza hadi kipimo chako. Angalia tu mabaka ya bluu usoni. Pale klachi ilichoma, chuma kimekuwa kigumu na kisu kitaruka. Kata kwa kina cha kutosha kupita chini ya baka, usiliparue kwa juu.

Geuza chaki yako sasa uitazame kwa nyuma. Utaona duara lililochimbwa milimita chache, limekatwa kwa usafi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mgongo huo. Tukiite kikombe. Pleti yako inatakiwa kuwa na nundu ya duara inayoingia humo. Usichukue kipimo cha kikombe kwenye jedwali lolote, maana chaki za Ulaya na za China zenye kipenyo kilekile cha nje zinatofautiana vikombe na hata duara la bolti. Pima yako kwa mikromita ya ndani, au kwa venia nzuri mara kadhaa.

Matundu ya bolti pia pima mwenyewe. Huna sehemu ya kuweka venia katikati, kwa hiyo pima toka ukingo wa ndani wa tundu moja hadi ukingo wa ndani wa tundu la jirani, ongeza kipenyo cha tundu moja, umepata umbali wa kitovu kwa kitovu. Zidisha kwa 1.1547. Hilo ndilo duara la bolti. Kwa mfano, ukipata milimita 121.2, duara ni 140. Rudia kwa jozi zote 3. Zikitofautiana sana, ama umepima vibaya ama mtu alishawahi kutoboa upya.

Kama una mashine ya kukereza inayomeza milimita 230, kazi ya nundu ni nyepesi: sawazisha uso wa chini, toboa tundu la katikati, geuza, kereza uso wa juu na nundu kwa mbano uleule mmoja. Kama huna, usiende kulipa mtu. Meza yako ya kuzunguka itakata kiti chake yenyewe. Sawazisha uso wa chini kwa milingi ukiwa umeibana pleti kwenye meza kuu. Toboa matundu 4 ya pembeni. Ifunge pleti juu ya meza ya kuzunguka, shusha endimili (kisu cha milingi), kisha zungusha meza taratibu kwa hendo: kisu kinasimama, pleti inazunguka, na nundu inajitokeza katikati. Uso unaobaki kuizunguka nundu utakuwa sambamba na uso wa meza, kwa sababu ndiyo iliyouzungusha. Hakikisha tu kichwa cha mashine kimesimama wima sawasawa, la sivyo utapata uso ulioinama kidogo kuelekea katikati au nje.

Kimo cha nundu kiwe pungufu ya kina cha kikombe, angalau kwa milimita moja. Watu wengi hapa hukosea. Chaki inatakiwa kukalia uso mpana wa pleti; ikikalia kichwa cha nundu itayumba hata ukaze bolti mpaka zilie. Vunja makali ya ukingo wa nundu, na pale chini inapokutana na uso, chimba kijimfereji chembamba ili pembe ya kikombe isigote.

Upana wa nundu uingie kwenye kikombe kwa kusukuma na mkono, bila mchezo wa kusikika. Najua utakutana na wanaokuambia uiache nundu legevu ili uweze kugongagonga chaki mpaka ikae katikati. Ushauri huo ni sahihi kwenye mashine ya kukereza, ambako bolti unaweza kuzilegeza na kuzikaza ukiwa umesimama nyuma ya chaki. Kwako bolti za chaki ziko chini ya pleti, na pleti ikishakaa mezani hazifikiki. Ulegevu wa kurekebishia uuweke mahali mkono wako unafika, yaani kati ya pleti na meza. Chaki ikae imara kwenye pleti, pleti ndiyo isogee.

Kwa hiyo matundu 4 ya pembeni yawe makubwa kuliko bolti. Kwa bolti ya M12 toboa 13.5. Yapange kwenye duara la milimita 200 hivi: chaki inaishia 160, washa ya M12 ina upana wa milimita 24, utabakiwa na nafasi ya kuingiza spana, na nati ya T itakuwa bado iko ndani kabisa ya mfereji badala ya kuning'inia ukingoni mwa meza. Angalia pia tundu la ufunguo wa chaki. Bolti ndefu inayosimama mbele yake itakufanya ufungue nusu ya mashine kila unapobadilisha flenji. Zikate fupi, na zungusha chaki kwenye pleti mpaka tundu la ufunguo litazame kati ya bolti mbili.

Matundu 3 ya chaki yatobolewe kwa mgawanyo wa meza yenyewe, lakini pleti ikiwa juu ya meza ya kuzunguka weka alama tu kwa biti fupi ya kuanzia. Usipitishe. Meza nyingi za mtumba zina makovu ya mviringo usoni, na kila kovu ni fundi aliyesahau kuwa chini ya pleti kuna meza. Toa pleti, maliza kutoboa kwenye drili ya kusimama, kisha upande wa chini panua mdomo wa kila tundu ili kichwa cha bolti ya aleni kizame. Kichwa cha M8 kina upana wa milimita 13 na kimo cha 8. Cha M10 ni 16 kwa 10. Zamisha milimita moja zaidi. Urefu wa bolti upime kwa kuingiza kijiti kwenye tundu la chaki kwanza. Bolti ikigota mwisho wa tundu kabla haijavuta pleti, utadhani umekaza kumbe umekaza hewa.

Tundu la katikati ya pleti lina kazi ndogo ila tamu. Kereza pini yenye tepa inayolingana na shimo la meza (kwa meza za ukubwa wako mara nyingi ni Morse namba 3, lakini jaribu kwanza kwa kuingiza shanki ya biti ya drili yenye tepa unayoijua), na juu yake iwe na sehemu iliyonyooka iliyo ndogo kwa milimita 0.3 kuliko tundu la pleti. Pleti ikishuka juu ya pini inakaa karibu na kitovu yenyewe, kazi yako inabaki kuisogeza kidogo tu. Pini hiyo usiigonge iingie kwa nguvu, na itie nyuzi kichwani ili uweze kuivuta kwa bolti. Tepa ikishikwa ndani ya meza ambayo chini yake imezibwa, utaitoa na nini?

Nati za T nunua au tengeneza zinazolingana na mfereji wako. Mfereji wa milimita 14 unachukua nati ya M12, wa 12 unachukua M10. Bolti isipite kabisa na kutokea chini ya nati. Ikitokea, itasukuma sakafu ya mfereji huku nati ikivuta mdomo wake juu, na meza ni chuma cha kusubu: mdomo unang'oka kipande kizima. Nati za kiwandani huwa nyuzi zake za mwisho zimepondwa kwa makusudi ili bolti isiweze kupita. Zako za kutengeneza, zigonge senta panchi chini, upate kizuizi kilekile. Na hakuna haja ya kuongeza bomba kwenye spana.

Haya, tufunge. Futa kila uso kwa kitambaa, kisha pitisha kiganja kitupu. Chenga moja ndogo ambayo jicho halioni, kidole kinaisikia. Chaki iingie kwenye pleti, bolti 3 zikazwe kwa zamu, kidogokidogo. Meza ya kuzunguka iwe tayari imebanwa kwenye meza kuu. Ya ukubwa huo ni nzito, mwite mtu mshirikiane kuinyanyua, mgongo hauna spea.

Kwanza kabisa, spindeli juu ya meza, kabla pleti haijapanda. Weka geji ya saa kwenye spindeli, ncha yake iguse ukuta wa shimo la katikati ya meza, weka gia huru na zungusha spindeli kwa mkono. Sogeza meza kuu huku na huku mpaka mshale usimame kwa mzunguko wote. Kwa sababu meza yako ni ya mtumba, hakikisha pia shimo lenyewe linazunguka sawa: acha geji imesimama, zungusha meza badala ya spindeli. Mshale ukicheza, mdomo wa shimo umegongwagongwa na wenyewe wa zamani. Shuka ndani zaidi mahali ambapo hapajaguswa. Ukiridhika, weka namba zote mbili za meza kuu kwenye sifuri, na ziandike kwenye karatasi.

Pandisha pleti na chaki. Nati zote 4 zibane kwa kuzigusa tu. Bana kwenye chaki shafti iliyosagwa, nyoofu, yenye kipenyo kinachokaribia cha kazi zako. Hili la kipenyo lina maana. Chaki ya taya 3 hata ikiwa mpya haibani katikati kwa vipenyo vyote sawasawa, na iliyotumika sana diski yake imelika zaidi pale ilipokuwa inafanyia kazi kila siku. Ukiisahihisha kwa shafti ya milimita 20 kisha ukabana flenji ya 120, umesahihisha kitu kingine.

Meza nyingi zina mkono mdogo unaotenganisha skrubu ya hendo na gia yake, ukiuvuta meza inazunguka huru. Uvute. Simamisha geji kwenye kichwa cha mashine, ncha iguse shafti, zungusha meza duara zima ukitazama mshale. Tuseme umecheza 0.24 kati ya juu kabisa na chini kabisa. Kosa ni nusu yake, 0.12. Simama pale mshale unaposoma juu zaidi, gonga pleti (siyo chaki, na kamwe siyo shafti) kwa nyundo ya plastiki kuelekea upande wa pili mpaka mshale urudi nusu. Zungusha tena. Mara ya kwanza utaona kama mshale unakutania, kisha mkono unazoea na inakuwa kazi ya dakika chache. Kaza nati kwa msalaba, halafu pima tena, kwa sababu kukaza huwa kunasogeza.

Kwa flenji za boti, mchezo wa jumla wa 0.05 unatosha sana. Kwa gia shuka hadi 0.02 ukiweza.

Usiondoe geji bado. Ipandishe milimita 80 au 100 juu zaidi kwenye shafti hiyohiyo na uzungushe tena. Ikisoma kama ilivyosoma chini, chaki imesimama wima. Ikisoma sawa chini na vibaya juu, chaki imelala: kuna uchafu chini yake, au pleti haiko sambamba, au taya zimelika mdomo. Kata tamaa ya kuweka shimu (vipande vyembamba vya kuinulia) za kopo la soda. Fungua, safisha, rudia. Ikikataa tena, geuza shafti nusu duara ndani ya taya uone kama kosa linafuata shafti au linabaki na chaki.

Na flenji yenyewe, jiulize kinachokutana na shafti ya boti ni nini. Mara nyingi ni tundu la katikati au ile nundu ya kupandania, siyo ukingo wa nje. Kama ukingo na tundu havikukerezwa kwa mbano mmoja, kubana ukingo kwenye chaki hakukupi chochote. Pima tundu. Ndiyo maana kazi ya thamani kubwa, kwa mfano gia ya kiwanda cha kuchambua pamba ambayo mwenyewe ameisubiri msimu mzima, mimi ningeiweka kwenye chaki ya taya 4 zinazojitegemea, ambako kila kipande unakileta katikati chenyewe.

Kugawanya matundu 6 hakukuhitaji hata sahani za kugawia. Hesabu kwanza hendo inazunguka mara ngapi kwa duara moja la meza. Ikiwa 90, kila mzunguko ni digrii 4, na tundu hadi tundu ni mizunguko 15. Ikiwa 72, ni 12. Zungusha upande mmoja siku zote. Ukipitiliza, rudi nyuma kupita kiasi kisha uje tena, ili mchezo wa gia usiingie kwenye kipimo. Funga loki ya meza kabla ya kila tundu. Spindeli isogeze kutoka sifuri kwa nusu ya duara la matundu: kwa duara la 110, sogeza 55.

Kabla ya kutoboa, weka alama zote 6 kwa ncha tu, kisha chukua venia. Umbali wa alama zinazotazamana unakuambia kama nusu kipenyo chako ni sahihi. Umbali wa alama za jirani, ambao kwa matundu 6 unatakiwa kuwa sawa na nusu ya duara, yaani 55 kwa mfano wetu, unakuambia kama mgawanyo ni sahihi. Vyote viwili vinaweza kusoma vizuri kabisa huku flenji iko nje ya kitovu. Kinachofichua hilo ni umbali wa kila alama hadi kwenye tundu la katikati la flenji. Huo ndio wa kupima mara zote 6.

Neno kuhusu njia ya mkato utakayosikia: kutengeneza pua yenye nyuzi kama ya mashine ya kukereza, uiweke kwenye meza, ili chaki ihame na kazi yake bila kufunguliwa. Ni raha, ila kisu cha milingi kinasukuma pande zote, na kikisukuma upande wa kufungulia, chaki inajifungua katikati ya kazi. Kama ni lazima, itie skrubu ya kuizuia.

Pima pia kimo kabla hujaanza. Meza yako pengine ni milimita 110, pleti 20, chaki na taya zake zaidi ya 100. Umeshatumia karibu 230 na hujaweka kazi, hujaweka biti. Kwa mashine ndogo hapo ndipo watu hugundua kuwa wanahitaji biti fupi au koleti (kibanio kifupi cha biti) badala ya chaki ya drili.

Kwa gia utaisimamisha meza kwa ubavu, kama yako ina mguu wa kusimamia hivyo. Chaki ikilala inavuta pleti kwa uzito wake, kwa hiyo rudia kupima kwa geji baada ya kuisimamisha, hata kama ulipima vizuri ilipokuwa imelala chali, na shafti ndefu ishikilie mwisho wa pili kwa senta. Meno 24 kwa uwiano wa 90 ni digrii 15 kila jino, unayasoma kwenye meza yenyewe. Meno 23 ni mizunguko 3 na matundu 21 kwenye sahani yenye duara la matundu 23. Bila sahani hiyo, usiipokee kazi.